Utepe Apewe Kondoo Yupi?

Msimu wa maonyesho ya kilimo ukifika, kuna picha ambayo magazeti yetu hayaikosi. Mwanafunzi aliyevaa sare iliyonyooshwa vizuri amemshika kondoo mnene, kondoo ana utepe shingoni, na mgeni wa heshima amesimama kando yao akipiga makofi. Naipenda picha hiyo. Lakini kila nikiitazama huwa najiuliza: kondoo yule amepewa ushindi kwa kipimo gani? Nani aliamka alfajiri kumhudumia? Na mwanafunzi akirudi kijijini kwao, anarudi na ujuzi gani wa kumfaa mwakani mvua ikikatika?

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Leo tuzungumze juu ya uundaji wenyewe, yaani klabu za vijana za kujifunza kufuga kondoo na kuwaonyesha mbele ya majaji. Naziunga mkono kwa moyo wangu wote, na kwa sababu hiyo nina hoja moja nitakayoishikilia katika kipindi hiki. Kile ambacho jaji anakitunuku uwanjani leo ndicho mtoto atakachokifuga kwa miaka 40 ijayo. Tukitunuku ukubwa wa mwili peke yake, tutapata vijana hodari wa kunenepesha mnyama mmoja kwa ajili ya siku moja. Tukitunuku utunzaji, tutapata wafugaji.

Klabu za namna hii zina umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1902, katika wilaya ya Clark, jimbo la Ohio huko Marekani, msimamizi wa shule za vijijini aliyeitwa A. B. Graham aliwakusanya wavulana na wasichana katika jengo la mahakama ya wilaya, akaanza kuwafundisha kuchagua mbegu za mahindi na kupima udongo. Juhudi kama zile ndizo zilizozaa klabu za 4-H. Jambo lililowasukuma waanzilishi wake linanigusa hadi leo: wakulima wazima walikuwa wazito kukubali maarifa mapya yaliyotoka vyuoni, lakini mtoto akipewa kipande chake cha shamba ajaribu, baba yake aliona mavuno kwa macho na hakuwa na la kubisha. Uingereza nako, mwaka 1921, katika kijiji cha Hemyock huko Devon, kampuni ya maziwa ilianzisha klabu ya kuwafundisha watoto wa wakulima walioiuzia maziwa namna ya kulea ndama. Hapo ndipo zilipoanzia klabu za wakulima vijana za nchi ile.

Hapa Kenya tuna zetu. Klabu za 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilianzishwa shuleni mapema katika miaka ya 1960, zikavuma, zikafifia, na mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta akazizindua upya. Katika shule za sekondari kuna klabu za wakulima vijana. Uwanja nao tunao tangu zamani: Chama cha Kilimo cha Kenya, ASK, kilianza mwaka 1901, na maonyesho yake hufanyika Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kisumu, Mombasa, Nyeri na kwingineko. Majirani zetu wa Tanzania wana Nane Nane, na uwanja wa Themi kule Arusha uko karibu kabisa na nyika za kondoo.

Sasa, kwa nini kondoo? Nionavyo mimi, klabu nyingi huishia kwenye vitalu vya sukumawiki na vibanda vya sungura kwa sababu mboga hukomaa ndani ya muhula mmoja. Kondoo huvuka mihula. Mimba yake huchukua siku 150 hivi, mwanakondoo hunyonya miezi mitatu, kisha ndipo unaanza kumwona atakuwa mnyama wa aina gani. Urefu huo ndio ninaoutaka. Mtoto anajifunza kwamba kosa alilolifanya Februari linaweza kujitokeza Julai, na kwamba hakuna mtihani wa kukariri usiku mmoja utakaomwokoa. Tena kondoo ni mpole, mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kumshika bila kuumizwa, na bei yake haifiki hata karibu na ya ng'ombe.

Lipo jambo lingine, nalo ni zito zaidi. Watoto wetu wa Kajiado, Narok, Samburu, na ng'ambo ya mpaka kule Longido na Ngorongoro, hawahitaji kufundishwa mwanzo wa ufugaji. Mtoto wa Kimaasai akiwa bado mdogo sana huachiwa wanakondoo na watoto wa mbuzi awaangalie karibu na boma. Anawajua kwa sura. Anajua mama wa kila mmoja, nani hunyonya maziwa ya mwenzake, nani alichelewa kurudi jioni. Kisha anapelekwa shule, na shule inaendelea kana kwamba hakuna anachokijua. Klabu ya kondoo ikiendeshwa vizuri ndiyo mahali pekee shuleni ambapo mtoto huyu anaingia akiwa mwalimu, na mtoto wa mhasibu au wa mwenye duka mjini anakuwa mwanafunzi wake. Nimewahi kuona jambo hilo likitokea, na heshima inayozaliwa baina ya watoto wale haifutiki haraka.

Klabu inamwongezea nini mtoto kama huyo? Daftari. Nalitaja kwa uzito wote. Kila mwanachama ana mnyama wake, na kila mnyama ana daftari lake. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya kuzaliwa, jina au namba ya mama, uzito wa siku ya kwanza, na kama mwanakondoo alipata dang'a katika saa zake za mwanzo. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ndiyo kinga yake. Mwanakondoo huzaliwa bila kinga kutoka tumboni, na akikosa maziwa hayo siku ile ya kwanza maisha yake yote yanakuwa ya wasiwasi. Baada ya hapo mtoto anampima mnyama wake kila wiki mbili kwa mizani ya kuning'iniza. Tuseme alizaliwa na kilo 3, na akiwa na miezi mitatu ana kilo 12. Ameongeza kilo 9 katika siku 90, yaani gramu 100 kwa siku. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza, na akishaifanya kwa mnyama wake mwenyewe, hutamsikia tena akiuliza kugawanya kuna faida gani.

Humo humo anaandika chakula na gharama yake: nyasi kavu za Rhodes, majani ya viazi vitamu, lusini kidogo, jiwe la chumvi. Anaandika dawa, kipimo chake na siku iliyotolewa. Anaandika chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa ambao dunia imeazimia kuutokomeza ifikapo mwaka 2030, kama ile sotoka ya ng'ombe ilivyotangazwa kutoweka mwaka 2011. Mtoto anayeandika chanjo hiyo katika daftari lake anashiriki kazi hiyo kubwa, na inafaa aambiwe hivyo.

Niruhusu nikae kidogo kwenye minyoo, msikilizaji, kwa maana hapa ndipo kondoo wengi wa nchi zetu hufia, na ndipo klabu inaweza kufanya kazi ambayo hata watu wazima hatujaifanya vizuri. Yuko mnyoo mwembamba, urefu wake sentimita 2 hadi 3, anayeishi katika tumbo la nne la kondoo na kula damu. Jike lake hutaga mayai maelfu kila siku. Mayai hutoka na kinyesi, yanaanguliwa malishoni, na viluwiluwi vyake hupanda kwenye majani mafupi yenye umande, vikamsubiri kondoo wa asubuhi. Minyoo 5,000 wanaweza kumnyonya kondoo mmoja robo lita ya damu kwa siku. Kondoo hatoi ishara mapema. Wala haharishi, kama wengi wanavyodhani. Anachelewa nyuma ya kundi, anavimba majimaji chini ya taya, na siku moja unamkuta amelala.

Tumezoea kufanya nini? Tunanunua dawa na kulinywesha kundi zima, kila mara, mgonjwa na mzima. Matokeo yake, minyoo dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kuzaana, na baada ya miaka kadhaa dawa haifanyi kazi. Huko Afrika Kusini, ambako tatizo hili lilifika mbali, walibuni njia ambayo kila mtoto anaweza kuishika. Inaitwa FAMACHA, na jina hilo limebeba ndani yake jina la daktari wa mifugo Faffa Malan aliyeiasisi. Ni kadi yenye rangi tano. Unafunua kope la chini la kondoo mahali penye mwanga wa jua, unalinganisha rangi ya ndani na kadi. Namba 1 ni nyekundu, kondoo ana damu ya kutosha. Namba 5 ni nyeupe, amekaribia kufa. Dawa anapewa yule wa 4 na wa 5, pamoja na wa 3 akiwa mwanakondoo au amekonda. Wengine wanaachwa. Njia hii imelengwa kwa huyu mnyoo wa damu, na weupe wa jicho unaweza kuletwa pia na maradhi mengine kama minyoo ya ini, kwa hiyo afisa wa mifugo lazima awafundishe watoto kwanza. Lakini wakishafunzwa, watoto wana macho makali kuliko sisi.

Fikiria basi daftari la mtoto ambaye kwa mwaka mzima ameandika rangi ya jicho la kondoo wake kila baada ya wiki mbili. Anajua kondoo yupi alibaki kwenye namba 1 na 2 msimu wote wa mvua bila dawa. Mfugaji mwenye elimu hiyo ana mali kubwa, kwa sababu uwezo wa kuvumilia minyoo hurithiwa. Kondoo huyo ndiye wa kuzalisha. Na sasa nauliza: uwanjani, nani atamwona? Anaweza kuwa mdogo kuliko wenzake wote waliosimama mstarini.

Hapa ndipo historia yetu inaponipa hofu. Hadi katikati ya miaka ya 1970, kondoo aliyetawala katika nyika za Wamaasai alikuwa yule mwekundu wao, mwenye manyoya mafupi na mkia wa mafuta. Si mkubwa. Jike wake aliyekomaa ana kilo 30 na ushei. Kisha ukaja mpango wa kuwapa wafugaji madume wa Dorper kwa bei iliyopunguzwa. Dorper ni kondoo aliyetengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi, ambaye asili yake ni Pembe ya Afrika, ndugu wa wale wanaoonekana leo Wajir na Garissa, na wale wanaopakiwa melini bandarini Berbera kwenda Saudia msimu wa Hija. Dorper ana mwili mzito, hukua upesi, na sokoni anapendeza. Wafugaji walimpokea kwa mikono miwili, na siwalaumu. Mzao wa kwanza wa dume la Dorper na jike mwekundu ni mnyama mzuri kwelikweli.

Kilichokosekana ni maelezo ya nini kifanyike baada ya mzao wa kwanza. Watu waliendelea kuleta dume la Dorper juu ya mtoto wake, na juu ya mjukuu wake, hadi ule wekundu ukayeyuka kundini. Mvua nzito ilipokuja na minyoo, au mvua ilipokosekana kabisa, wakagundua walichokipoteza. Mapema katika miaka ya 1990 watafiti walipowatafuta kondoo wekundu wasiochanganywa, iliwabidi wazunguke sana. Makundi machache yalipatikana Kajiado na kaskazini mwa Tanzania. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, inatunza kundi lao katika ranchi ya Kapiti, Machakos.

Watafiti hao walifanya jaribio ambalo kila mwanachama wa klabu anastahili kulijua. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990, huko Diani, pwani yetu, mahali penye joto na unyevu ambapo minyoo hustawi, waliwaweka Dorper, wekundu na machotara pamoja malishoni. Wekundu walikuwa na mayai machache ya minyoo katika kinyesi, damu yao ilibaki na nguvu, na wanakondoo wao walikufa wachache zaidi. Ukihesabu nyama iliyopatikana kwa jumla kutokana na kundi zima, pamoja na waliokufa, yule mdogo alimshinda mkubwa kwa mbali sana. Ukiwapeleka kwenye nyika kavu hali inabadilika, tofauti inapungua, na Dorper anajitetea. Kwa hiyo sikuambii Dorper ni kondoo mbaya. Nakuambia jibu linategemea mahali, na mtoto anayefundishwa kwamba aliye mkubwa ndiye bora amefundishwa uongo utakaomgharimu mali yake. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo zaidi ya milioni mbili nchini Kenya. Kila kijana atakayefuga katika nchi hii ataukuta ukame mwingine mbele yake.

Ndiyo maana nasema majaji wabadilishe kipimo katika mashindano ya watoto. Katika maonyesho ya wafugaji wakubwa, wenye kuuza mbegu, kila aina ishindane kivyake kama ilivyo desturi. Lakini mtoto wa klabu apimwe kwa mambo anayoweza kuyatawala. Nusu ya alama iwe ya daftari na ya majibu yake. Jaji afungue ukurasa wowote na kuuliza: hapa Aprili kondoo wako alipungua uzito, nini kilitokea? Kwa nini ulimpa dawa siku hii na hukumpa ile? Umri wake ni upi, na unaujuaje bila kuangalia daftari? Mtoto aliyefunzwa atafungua mdomo wa kondoo pale pale na kuonyesha. Meno ya mbele ni manane, yote chini. Mawili ya kwanza ya utu uzima huchomoza kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, manne yakiwapo anakaribia miaka miwili, sita mitatu, na kinywa kikijaa amefika minne au zaidi.

Nusu iliyobaki iwe ya mnyama mwenyewe, ila kwa mikono zaidi kuliko macho. Jaji mzuri wa kondoo hamwangalii tu. Anaweka vidole juu ya uti wa mgongo, nyuma ya ubavu wa mwisho, na kubonyeza. Mifupa ikichoma kama ncha za vidole, kondoo amekonda, ni alama 1. Ikiwa huipati kabisa kwa mafuta, ni 5, na hilo nalo ni kosa, hasa kwa jike anayetakiwa kubeba mimba. Kati ya 2 na nusu na 3 na nusu ndipo afya ilipo. Kisha kwato: zimepunguzwa vizuri, hazina harufu ya kuoza? Kiwele kina uvimbe? Dume ana korodani mbili zilizolingana? Mambo haya mtoto anaweza kuyasoma, kuyafanya na kuyaeleza, hata kama kwao hawana fedha za kununua dume la bei kubwa.

Kuna pia ustadi wa uwanjani, ambao watu huuona kama urembo tu, nami nauthamini sana. Kondoo hapendi kutengwa na wenzake. Mtoto anayemfundisha kutembea huanza kwa hatamu ya kamba, jioni, kondoo mwingine akiwa mbele, dakika chache kila siku, bila kupiga. Akishazoea, hatamu inaondolewa na mtoto anamwongoza kwa mkono mmoja chini ya taya. Uwanjani anamsimamisha miguu minne ikiwa imelingana, na yeye mwenyewe hamzibi jaji. Akizunguka jaji, naye anahama upande, ili kondoo awe kati yao siku zote. Hayo yote hayawezekani kwa mnyama aliyeletwa shuleni wiki iliyopita. Kondoo hamdanganyi mtu yeyote kuhusu nani amemlea, na jaji mwenye uzoefu analitambua hilo kabla mtoto hajafika katikati ya uwanja.

Msikilizaji, tusidhani ujaji huu ni mgeni kwetu. Nenda sokoni siku chache kabla ya Idi Kubwa, iwe Mombasa, Tanga au Zanzibar. Utamwona mzee anamkagua kondoo wa kuchinja kama tulivyoeleza: anafungua mdomo, anatazama jicho, anamtembeza. Kondoo wa udhhiya, yaani dhabihu ya Idi hiyo, hafai akiwa na jicho moja bovu la wazi, akiwa mgonjwa, akichechemea, au akiwa amekonda hadi mifupani. Umri nao una mpaka wake. Kondoo aliyetimiza miezi sita na kukua vizuri anaruhusiwa, mbuzi anasubiri hadi mwaka. Klabu za pwani zikilenga soko hilo, zina jaji wa kila mwaka na mteja papo hapo, na daftari linaweza kumwonyesha mnunuzi tarehe ya kuzaliwa bila ubishi. Sijui kwa nini shule nyingi zaidi hazijaichukua nafasi hiyo.

Tukitaja kuchinja, tumefika kwenye jambo ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini. Mtoto amemlea kondoo miezi minane, amempa jina, halafu anauzwa kwa mchinjaji. Je, tunamuumiza mtoto? Katika maonyesho mengi ya 4-H kule Marekani, kondoo wa nyama huuzwa kwa mnada mwisho wa maonyesho, na watoto hulia hadharani. Mimi siwezi kumwambia mtoto asilie. Nadhani mtoto asiyesikia chochote siku ile ndiye wa kututia wasiwasi. Lakini aelezwe tangu siku ya kwanza, kwa lugha ya kweli, mnyama huyu analelewa kwa ajili gani, na apewe nafasi ya kumbakiza jike wa kuzalisha akipenda na kama malisho yanatosha. Mtoto anayejua nyama imetoka kwa nani atamtunza mnyama vizuri zaidi maisha yake yote. Huo ni msimamo wangu, na najua wapo wazazi wema wasiokubaliana nami.

Mambo ya hatari niyataje kwa haraka, maana walimu wengi wananisikiliza. Kondoo hastahimili madini ya shaba kama ng'ombe. Chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe au kuku, hata chumvi yao, kinaweza kumuua polepole kwa kulijaza ini lake sumu. Soma karatasi iliyo juu ya gunia. Jike akitupa mimba, watoto wasiguse chochote kwa mikono mitupu, kwa sababu yapo maradhi yanayomhamia binadamu, ugonjwa wa brusela ukiwa mmoja wao. Maji na sabuni viwe karibu na zizi. Na likizo ya Desemba isikute mnyama shuleni bila mwenyewe. Ni afadhali kila kondoo alale nyumbani kwa mtoto, aletwe shuleni siku ya klabu tu.

Nyumbani huko ndiko kuna tatizo la mwisho, nalo ndilo linalovunja mioyo ya vijana kuliko minyoo na ukame. Mwanakondoo anapokuwa mdogo ni wa mtoto. Akishakua na kupata bei, anakuwa wa baba. Ada ya kaka mkubwa imekaribia, au kuna arusi, na siku moja mtoto anarudi kutoka shule akikuta zizi tupu. Kwa binti mambo ni magumu mara mbili, kwa kuwa katika jamii zetu nyingi za wafugaji mnyama wa mwanamke huhesabiwa kuwa wa mwanamume tangu mwanzo. Mzazi hafanyi hivyo kwa ubaya. Shida za nyumbani ni za kweli. Lakini mtoto aliyetendewa hivyo hatarudi kwenye klabu, na ukimsoma usoni utaelewa kwamba hatarudi kwenye ufugaji pia.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila mwalimu mlezi wa klabu ni hili. Kabla ya kondoo yeyote kuingizwa kwenye daftari, mwite mzazi shuleni, au umfuate nyumbani kwake, mkae chini na mtoto akiwepo. Andikeni ukurasa mmoja: kondoo ni wa nani, watoto wake watakuwa wa nani, malisho ya likizo ni ya nani, na fedha za mauzo zitagawanywa vipi baada ya gharama. Mzazi akihitaji sehemu ya fedha hizo, aseme sasa, iandikwe, mtoto aijue mapema. Mzazi atie sahihi au dole gumba, mwalimu atie sahihi, na mtoto naye, awe mvulana au msichana, aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Nakala moja ibaki ofisini, nyingine aende nayo mtoto.